Kipokezi Kilichosema Fiksi

Mtu mmoja alikuwa akifanya kazi kwa vipokezi viwili vya setilaiti, na jambo la mwisho la kawaida alilolifanya kabla mambo hayajageuka ni kusimamisha cha kwanza juu ya bikoni ya shule, yaani alama ya wapimaji ambayo namba za mahali pake zimo kwenye ramani, kunywa chai yake na kuandika tarehe. Mtu huyo aliitwa Ngailo, mpima ardhi. Vigingi vya mipaka ya kijiji vilikuwa vimeoza, naye aliletwa avirudishe mahali pake kwa namba za ramani ya zamani. Kesho yake wenye mashamba wangetia saini, na mpaka ukishatiwa saini hausogezwi tena.

Kazi ile huenda hivi. Kipokezi cha kwanza, kiitwacho besi, husimama mahali panapojulikana wala hakiondoki. Cha pili hutembea na mpimaji. Kikiachwa peke yake hukosea kwa hatua kadhaa. Lakini besi, kwa kuwa inajua ilipo, hulitambua kosa hilo na kumtumia mwenzake marekebisho kwa redio. Marekebisho yakitulia, kioo huandika neno ambalo wapimaji hulitamka fiksi, na hapo mahali hujulikana kwa upana wa kidole gumba.

Ngailo alipigilia vigingi arobaini bila tatizo. Cha arobaini na moja kiliingia ndani ya shamba la Mzee Lwitiko, hata kaburi la mkewe, Tusekile, likabaki upande wa jirani.

Mzee alikitazama kigingi. "Mpima, chombo chako kinapiga fiksi."

"Hapana, Mzee. Tazama mwenyewe." Ngailo akamgeuzia kioo. "Kimeandika fiksi."

"Sasa kama chenyewe kimekiri, unabisha nini?"

Jirani, Mama Subilaga, alicheka mpaka akashika kiuno, maana kwa watu wa pale fiksi ni uongo uliopambwa. Ngailo naye alicheka, kisha akaona haya.

Alikuwa mtu mwaminifu, akaanza kutafuta kosa. Alisogea mbali na paa la bati, kwa sababu bati hurudisha mawimbi na kipokezi huyasikia mara mbili. Akabadilisha waya wa antena. Akasubiri setilaiti zisogee angani. Mwisho akafungua sanduku na kutoa kipokezi cha akiba, kisha kingine alichokichagua mwaka uliopita baada ya kulinganisha vingi, chenye kusikiliza masafa matatu badala ya mawili. Vipokezi vitatu, kimoja baada ya kingine, vilitua kwenye kigingi kilekile.

"Mzee, vyote vitatu vinakubaliana," alisema kwa upole.

Mama Subilaga akasema, "Shemeji, usihangaike. Hata akiwa kwangu nitampalilia. Mimi na Tusekile hatukuwahi kugombana, ila kwa ajili ya kuku wake tu."

"Najua, shemeji. Ungempalilia vizuri kuliko mimi." Kisha Mzee akamgeukia mpimaji. "Lakini mke wangu hajahama."

Hakupaza sauti. Alirudi kuchuma maharage yake.

Ngailo alibaki amesimama pale. Alikuwa ameviuliza vipokezi vitatu mahali vilipo. Hakuwa ameuliza ni nani aliyeiambia besi mahali ilipo, nayo ndiyo iliyosikilizwa na vyote vitatu. Aliyeiambia ni yeye mwenyewe. Aliingiza namba za bikoni ya shule, nayo ikaamini, kisha ikayapeleka iliyoyaamini bila kupunguza hata sentimita. Alikuwa amefundishwa, mwaka wake wa kwanza chuoni, kwamba kabla ya kupigilia kigingi chochote mpimaji aende kwanza kwenye bikoni ya pili kujihakiki. Hakwenda, kwa kuwa bikoni ya pili ilikuwa kilimani na kioo kilikuwa kimeshasema fiksi.

Kesho yake asubuhi alipanda kilima, akasimamisha kipokezi juu ya bikoni ya pili, alama iliyochongwa kwenye mwamba. Kioo kiliandika fiksi, lakini namba zake zilipishana na za ramani kwa mita mbili na sentimita arobaini. Akateremka shuleni kumwuliza mwalimu mkuu, naye akamjibu kwa moyo mweupe kwamba mafundi waliojenga vyoo waling'oa bikoni ili toroli lipite, kisha wakairudisha vizuri kando kidogo, kwa saruji, hata rangi wakaipaka. Ngailo akaihamishia besi mwambani. Aling'oa vigingi vyote arobaini na moja na kuvipigilia upya mbele ya wenye mashamba, akimwambia kila mmoja, "Nilikosea mimi." Saini zikangoja hadi jioni. Ilipofika zamu ya kigingi cha Mzee Lwitiko, Mama Subilaga ndiye aliyekishika kisiyumbe kikipigiliwa, na Tusekile akawa tena kwa mumewe.

Nanyi mnaonisikiliza, hao wote wanaokubaliana nanyi wanasikiliza besi gani, na ni nani aliyeiambia mahali ilipo?