Nikirudi, Mama

Wapendwa, kulikuwa na mwendesha baiskeli mmoja. Jina lake tuliache. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, alifanya kazi ofisini, na kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi yeye na wenzake sita walikutana kwenye kituo cha mafuta, wakapanda baiskeli zao za mbio na kutoka mjini kwenda milimani.

Safari yao ilikuwa ya kilomita themanini. Barabara ilitoka mjini kwa upande wa mashariki, ikapanda katikati ya mashamba ya viazi, ikavuka kilele, ikashukia kwenye mashamba ya chai na kuingia mjini kwa upande wa magharibi. Ulikuwa mzunguko. Ukishapita mahali, umepita, hadi Jumamosi nyingine.

Walikuwa na sheria moja: hakuna kuweka mguu chini hadi mjini. Anayeweka mguu chini anawanunulia wenzake supu.

Njia hiyo aliichagua yeye. Kwenye kilomita ya thelathini ilikuwapo kona, na kwenye kona hiyo nyumba aliyozaliwa. Mama yake aliishi pale peke yake. Tangu wamzike baba, miaka miwili nyuma, mwana huyu hakuwahi kukaa tena katika nyumba ile. Lakini aliitamani. Ofisini aliweka picha ya kona hiyo kwenye kompyuta. Akiwa kikaoni, watu wakisoma taarifa, yeye aliwaza udongo mweusi wa kwao na moshi unaopenya kwenye bati la jikoni. Siku tano aliitamani nyumba. Siku ya sita aliifikia. Na alipoifikia, aliipita.

Mnacheka. Mimi nawauliza: hivi mtu hawezi kukitamani kitu na kukipita?

Jumamosi ya kwanza mama alisikia vicheko barabarani, akatoka na kikombe cha uji. Akamtambua mwanawe kwa sauti, maana uso ulikuwa nyuma ya miwani nyeusi na kofia ngumu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba! Simama unywe uji!"

"Nikirudi, mama!"

Mlima ulikuwa mkali, pumzi zilikuwa chache, wenzake walikuwa mbele. Ni neno tunalosema sote tukiwa njiani. Hakukusudia kudanganya. Akakata kona, akapotea kileleni, akashukia kwenye chai.

Jumamosi ya pili akasema vilevile. Ya tatu vilevile. Kila Jumatano alimpigia simu, wakazungumza habari za mvua, za ng'ombe, za mguu unaouma. Habari za kurudi hakuna aliyezitaja. Yeye alijiambia, "Mama namwona kila wiki." Wangapi kati yetu wanamwona mama kila wiki? Alikuwa na haki ya kujisifu, siyo?

Ikapita miaka miwili hivyo.

Jumamosi moja kiongozi wao akasema, "Leo tugeuze. Tuanzie kwenye chai. Nimechoka na mlima uleule."

Wakageuza. Saa tano wakawa kileleni, sasa wanashuka kuelekea viazi, kwa mwendo ambao hata bodaboda asingewapata. Mwendesha baiskeli wetu akakata kona ya kwao. Akamwona mama yake amekaa kwenye kigoda kando ya lami, uso ameuelekeza juu, kule anakotokea yeye. Mapajani alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Alimpita. Breki zilimshikia chini huko, karibu na kisima. Akaweka mguu chini.

"Mguu chini!" wenzake wakapiga kelele. "Supu juu yako, mzee!"

Akawapungia mkono waende. Akaanza kupanda kwa miguu, akikokota baiskeli, vyuma vya viatu vyake vikigonga lami. Jirani mmoja, mama mwenye jembe begani, akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Kumbe wewe ndiye! Kaka, unatudai asante, wanangu wamenenepa kwa chakula chako."

"Chakula gani?"

"Cha Jumamosi. Bibi anakupikia ndizi, anakaa hapo mpaka jua linazama. Likizama anatuletea. Wanangu wakiona baiskeli zinapanda, wanajua leo tunakula vizuri."

Alifika kwenye kigoda, akapiga magoti barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umerudi."

"Nimerudi," akasema, naye alijua kwamba hakurudi, ni njia tu iliyogeuzwa. "Mbona umepika? Leo asubuhi sikupita."

"Nilidhani umepita nikiwa jikoni. Hebu vua hilo likofia."

Akavua kofia na miwani. Mama akamtazama muda mrefu.

"Una mvi," akasema. "Umeota mvi na mimi sikuziona."

Akamfunulia sahani. Akala. Mama akamwangalia anavyotafuna, bila kula yeye. Ndizi zilipofika nusu, akaiweka sahani chini.

"Mama, nisamehe. Kuna jambo sikukuambia. Barabara hii hairudi huku. Tukipita hapa tunashukia kwenye chai, tunaingia mjini kwa upande mwingine. Siku zote hizo umeningoja bure."

"Najua," mama akasema.

"Unajua nini?"

"Madereva wa malori ya viazi waliniambia tangu mwezi ule wa kwanza. Walisema, bibi, wale hawarudi huku, ingia ndani, jua kali."

"Sasa kwa nini ulikuwa unapika?"

Mama akashangaa swali lile.

"Wewe ulisema utarudi. Nimsadiki dereva wa lori, nimwache mwanangu?"

Wapendwa, tangu nianze mfano huu tumekuwa tukimhurumia mama huyu. Tulidhani hajui njia. Tulidhani mwenye ramani ni mwanawe. Kumbe aliyekuwa hajui kitu ni yule aliyepita kila wiki na kujisifu kwamba ameona.

Na sisi je? Sisi ni wepesi wa kumwambia Mungu "nikirudi". Nikimaliza kujenga, nitakaa nawe. Watoto wakimaliza shule. Nikistaafu. Tunasema kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlima, na tunadhani anayeambiwa hajui barabara zetu zinashukia wapi. Anajua. Anajua kwamba njia nyingi tulizochagua hazipiti kwake tena. Na Jumamosi ikifika, anatoa kigoda. Yeye hatushikilii kosa, anatushikilia neno letu, kana kwamba lilikuwa neno la kweli.

Hilo ndilo linalonitisha. Ningependa kungojwa na mtu aliyedanganyika, maana huyo siku moja atagutuka aingie ndani. Huyu hana la kugutukia.

Lakini tusijifiche nyuma ya Mungu, maana nimeona baadhi yenu mmefurahi nilipomtaja. Wapo humu ambao mama zao wangali hai. Baba zao. Ndugu mliyegombana naye, na nyumba yake mnaiona mkipita. Mnapiga simu vizuri kabisa. Mnapunga mkono. Lakini nani kati yenu amewatazama usoni?

Ibada hii ilipangwa kumalizika saa tano. Sasa ni saa nne na nusu. Wimbo wa mwisho hatutauimba, na matangazo mtayasoma ubaoni. Nusu saa hii nawaachia. Kila mmoja anajua nyumba anayoipita.

Nendeni.