Mheshimiwa Asiyepepesa

Hapo zamani, na sisemi zile zamani za fisi na sungura kuoleana, nasema zamani hizi zilizokata kona juzi tu, wakubwa walipoamka asubuhi wakakuta dunia imekuwa ya kidijitali bila kuwaomba kibali, palikuwa na wilaya moja. Jina silitaji. Wilaya ile ina mwanasheria, na mwanasheria yule hana kazi nyingi.

Wilaya ikaandaa mafunzo ya awali ya katuni za kompyuta, zile ambazo michoro inatembea. Waliojiandikisha walijaza ukumbi. Ilipotangazwa kwamba hakuna posho, wakabaki watatu.

Wa kwanza Lusajo, mchora mabango ya vinyozi, ambaye vichwa alivyochora nje vilikuwa vimenyolewa vizuri kuliko vilivyotoka ndani. Wa pili Mwanaidi, mpakaji wa piko, anayewachora maharusi maua mikononi, mkono wake hautetemeki hata bibi harusi akilia. Wa tatu Nyamizi, fundi simu wa stendi, ambaye hakuwahi kukutana na kitu kilichofungwa asitafute pa kukifungulia.

Mwalimu wao, Bi Tumsifu, alitoka jijini na kishikwambi kimoja cha kuchorea, pamoja na kalamu yake.

"Kifaa hiki kitabaki kwa mmoja wenu," alisema. "Studio yetu inaajiri mtu mmoja, na inamchukua mwenye kifaa chake. Asiye nacho huambiwa 'tutakupigia', na sijaona aliyepigiwa. Mtatengeneza filamu moja, wote watatu. Nitampa aliyeifanya iwe filamu."

Wakaanza na mpira unaodunda. Lusajo akachora mpira mzuri, duara safi, ukapanda na kushuka.

"Umekufa," akasema mwalimu. "Ukigusa chini ubonyee kidogo. Ukiruka urefuke kidogo. Kitu kisichobadilika hakina uhai, kina umbo tu."

Wakajifunza kwamba jicho la binadamu ni vivu: ukiliwekea picha ya pili kabla halijaisahau ya kwanza, linaziunga lenyewe na kuapa limeona mwendo. Wakajifunza pozi kuu, yaani picha za mwanzo na mwisho wa kila tendo. Wakajifunza picha za katikati, zinazolitoa tendo huku na kulifikisha kule. Wakajifunza tabaka: mtu unamchora kwenye tabaka lake, barabara kwenye lake, miti kwenye lake, kila moja unalisogeza peke yake.

Ndipo alipoingia Bwana Hizza, Afisa Utamaduni, na mada kutoka juu: *Mheshimiwa Akizindua Bomba.* Mheshimiwa ni Mkuu wa Wilaya. Atoke garini, atembee, asalimie, afungulie maji. Basi.

Wakagawana kazi. Lusajo pozi kuu, Mwanaidi picha za katikati, Nyamizi tabaka na mwendo. Ikatoka filamu tamu! Mheshimiwa anatembea, tumbo limetangulia kidogo kama mpambe, jua linampiga, anapepesa macho, anatabasamu. Bi Tumsifu alipiga makofi.

Afisa hakuiangalia.

"Mimi siangalii video," alisema. "Video inapita haraka, mambo yanajificha mle. Nichapishieni picha moja moja."

Wakamchapishia. Akavaa miwani, akachomoa moja.

"Hii nini?"

"Mheshimiwa anatembea, Afisa," akasema Lusajo.

"Mguu wa pili uko wapi?"

"Uko juu. Ndiyo kutembea kwenyewe."

"Mheshimiwa anasimama mguu mmoja kama kuku aliyenyeshewa? Toa."

Akachomoa nyingine. "Hii nini?"

"Anapepesa macho, Afisa," akasema Mwanaidi.

"Amelala. Mheshimiwa amelala kwenye hafla ya serikali."

"Ni kufumba na kufumbua tu, baba. Hata wewe umepepesa sasa hivi."

"Mimi sijachapishwa. Toa."

Akachomoa nyingine. "Hii nini?"

"Anasalimia wananchi."

"Anapiga miayo mbele ya wananchi. Toa. Na hizi zote zinazofanana?"

"Ndizo picha za katikati."

"Mchoro mmoja mara nyingi hivi? Huo ni ufujaji wa wino. Toa, toa, toa."

Ikabaki picha moja. Mheshimiwa kasimama wima, miguu yote chini, mdomo umefungwa, macho yamemtoka kama aliyeambiwa mkaguzi yuko getini.

"Hii ina hadhi," akasema Afisa, akagonga muhuri. "Picha nyingine yoyote ya Mheshimiwa ikionekana bila muhuri, hakuna filamu, na hicho kifaa kinaingia stoo ya wilaya."

Na kilichoingia stoo ya wilaya, ndugu zangu, huombewa dua.

Lusajo akakaa chini. "Picha moja si filamu, ni bango. Mabango niliyaacha kwa kinyozi."

Nyamizi akakuna kichwa. "Samahani, Afisa. Mheshimiwa kakatazwa kutembea. Je, wilaya nayo imekatazwa?"

Afisa akatazama dari, ambako ndiko sheria nyingi huhifadhiwa. "Wilaya haijatajwa."

Nyamizi akarudi kwenye matabaka yake. Mheshimiwa akamwacha pale pale, akaanza kuusogeza ulimwengu. Barabara ikamjia. Milima ya mbali ikaja polepole, miti ya karibu ikaja mbio. Shule ikapita, zahanati ikapita, kina mama na ndoo zao wakapita, na mwisho bomba lenyewe, na zege lake, likateleza mpaka kiganjani mwa Mheshimiwa, likajifungulia maji. Hakuinua hata kidole.

"Safi sana!" akasema Afisa kwa dhati kabisa. "Hivi ndivyo kazi zinavyofanyika." Muhuri, pwa!

Lakini Mwanaidi hakupendezwa. "Huyu maiti. Tumemsafirisha maiti wilaya nzima."

Asubuhi ya uzinduzi wa filamu, akairudisha picha moja iliyokataliwa: ile ya macho yaliyofumbwa, aliyoichora yeye. Lusajo akamkuta.

"Dada, wakiiona utatukosesha sote!"

"Asiyepepesa hayuko hai, mdogo wangu."

Wananchi wakajaa ukumbini, Mheshimiwa kwenye kochi la mbele. Filamu ikaanza. Barabara ilipoanza kumfuata, mtu akaguna. Zahanati ilipopita, watu wakaanza kucheka. Bomba lilipotokea linateleza, mzee mmoja akapaza sauti: "Hata bomba limechoka kungoja, limeamua kuja lenyewe!" Kicheko kikapasuka. Afisa akaanza kutafuta swichi.

Hapo hapo, Mheshimiwa wa kwenye pazia la sinema akapepesa. Mara moja tu, kama mtu aliyesikia anachekwa.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akasema, "Heh! Kumbe mtu!" Na makofi yakaanza, yakawa makofi ya kweli, si yale ya kuelekezwa na mpambe.

Mheshimiwa akasimama, akafuta jasho. Afisa akawahi: "Mheshimiwa, ile picha haina muhuri..."

"Ile ndiyo peke yake iliyofanana na mimi," akasema Mheshimiwa. "Nyingine zote ni ofisi. Wapeni zawadi yao."

Bi Tumsifu akakiinua kishikwambi. "Aliyeifanya iwe filamu. Semeni."

Lusajo akasema: "Mwondoeni mtu niliyemchora, mwone kinachobaki: barabara inakimbia peke yake kama imeibiwa. Huyo mama alisema 'kumbe mtu'. Mtu yule nani alimchora?"

Nyamizi akasema: "Bila mimi, mtu wake angekuwa ukutani kwa kinyozi, na dada angepepesa gizani. Hapakuwa na filamu mpaka nilipoisogeza dunia. Na mimi sikucheza kamari na riziki za wenzangu."

Mwanaidi akasema: "Wewe ulichora sanamu, na wewe ukaipakia kwenye toroli. Watu walikuwa wanaicheka. Nikaitia uhai kwa picha moja. Kama ningeogopa, mngekuwa mnagombea kichekesho."

Afisa akakohoa. "Na mimi je? Ningemwacha atembee, ingekuwa katuni kama katuni nyingine. Ujanja wote huo umezaliwa na katazo langu."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana si uongo mtupu.

Bi Tumsifu akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa. Afisa akasema shauri likiwa halijaamuliwa, kifaa kihifadhiwe ofisini kwake. Kipo mpaka leo. Anachezea karata, na karata zinamfunga.

Studio bado inasubiri mtu mmoja, na Afisa amesema hatakitoa bila kauli ya wananchi. Wananchi ndio ninyi. Msiniambie wagawane, kalamu ni moja. Aliyempa Mheshimiwa mwili, aliyemletea dunia miguuni, au aliyemfumba macho akaamka? Je, mkono wa nani ulistahili kalamu ile?