Ngao ya Kima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wa nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Hapo zamani za kale, fisi waliwashambulia wanyama bondeni. Baraza la wazee likamwagiza fundi Kima atengeneze ngao za swala, maana swala ndio waliolinda mpaka. Bi Swala, mkuu wa walinzi, akapewa kusimamia kazi.

Akaenda mara ya kwanza. "Bwana Kima, ngao ziko wapi?"

"Bado kidogo. Mzee Ndovu anataka ziwe pana."

Akaenda mara ya pili.

"Bado kidogo. Mzee Kifaru anataka ziwe na pembe."

Huku nyuma, fisi wakamla mpwa wake Bi Swala. Akalia, akalia, kisha akafuta machozi, akarudi kwa Kima.

Safari hii akakuta ngao moja tu. Pana kama mlango, pembe mbele, mawe pembeni!

"Imejaribiwa?"

"Nimeijaribu mwenyewe. Nilipanda nayo mlima mbio."

Bi Swala hakubishana. Akaenda barazani. "Wazee wangu, kabla ya kuipokea, fundi atuonyeshe anavyokimbia nayo."

Kima akaitwa. Akainua ngao, akapiga hatua moja, puu! Akaanguka chali, ngao juu yake, ukabaki mkia tu nje.

Ndovu akasema, "Sisi tulitaka ngao bora."

"Bora kwa nani, mzee? Tunaokwenda mpakani ni sisi, na hakuna aliyetuuliza."

Ndovu akainamisha mkonga. "Kweli, binti yangu. Tumekosa."

Kima akafukuzwa kazi kwa uongo wake. Sheria ikapitishwa: ngao ijaribiwe na mbebaji mbele ya wote, na kazi ikishaanza, mzee asiongeze lake. Kazi akapewa Nyegere. Akatengeneza ngao za gome, nyepesi. Ya kwanza ikapasuka walipoijaribu. Akaishona upya, ikashika.

Fisi hao wakaja! Wakaruka, meno yakagonga ngao, ko! Swala wakapinda kushoto, wakapinda kulia, pembe zikachoma, mavumbi yakatimka. Bi Swala yuko mbele, moyo unamdunda kwa furaha, miguu haigusi chini. Fisi wakageuka, mikia katikati ya miguu, mbio mpaka ng'ambo ya vilima. Na swala wote wakarudi nyumbani, hakupungua hata mmoja.

Basi jifunzeni: silaha haisifiwi na aliyeiagiza wala aliyeiunda, hupimwa na atakayeibeba.

Hadithi yangu imeketi. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni.