Mume wa Jepkemei Kule Eburru

Mlima Eburru hupumua. Kila kukicha mvuke hufuka kutoka ardhini na kutanda juu ya vichaka vya leleshwa, hata jua likaonekana kama sahani ya bati iliyofifia. Ndani ya mvuke huo, katika nyumba ya mawe iliyoachwa na mlowezi, aliishi Waithaka. Hakwenda sokoni wala kanisani, na hapakuwa na aliyewahi kumwona akila.

Jepkemei alikuwa na bucha ya nyama choma Kikopey, kando ya barabara kuu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkakamavu, asiyebabaishwa na kisu wala ulimi wa mtu. Asubuhi moja ya ukungu mzito, Waithaka aliingia buchani akiwa amejifunika koti refu, akaomba damu ya mbuzi.

"Ya kujazia utumbo wa mutura?" Jepkemei akamuuliza.

"Ya kunywa," akajibu, akainamisha macho kwa haya.

Jepkemei angecheka, lakini sauti ile ilimwingia moyoni kama maji kwenye udongo mkavu. Tangu siku hiyo, kila ukungu ulipotanda, alijikuta akichungulia barabara. Waithaka alikuja, wakazungumza. Alimsimulia jinsi bonde lilivyokuwa kabla ya reli kupita, kana kwamba aliliona kwa macho yake, na Jepkemei akasikiliza mpaka nyama za wateja zikaungua.

Kisha machinjio yakafungwa ili yakarabatiwe. Nyama ikawa inaletwa kutoka Nakuru, imekwisha kukauka damu. Wiki tatu zikapita bila Waithaka kuonekana. Jepkemei akafunga bucha, akapanda Eburru.

Alimkuta amelala, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, amebaki mifupa na ngozi.

"Rudi, Jepkemei," akanong'ona. "Mimi ni mnyonya damu. Jua likinigusa nitageuka majivu. Sijaonja damu ya mtu kwa miaka themanini, lakini leo nasikia moyo wako ukipiga kutoka hapa."

Jepkemei hakukimbia. Alikunja mkono wa sweta, akamnyooshea. "Basi kunywa."

Waithaka akageukia ukuta. "Nikionja yako sitaweza kuacha. Afadhali nife nikikupenda."

"Hufi," Jepkemei akasema, akatoka.

Alishuka hadi bomani kwa kaka yake, Kiplimo, aliyefuga ng'ombe mteremkoni. Nyanya yao aliwafundisha jinsi ya kumtoboa fahali mshipa wa shingo kwa mshale mfupi, damu ikakingwa kibuyuni, jeraha likazibwa, na fahali akarudi kula majani. Kiplimo alipoelezwa damu ni ya kumnywesha nani, na kwamba huyo ndiye atakayemwoa dada yake, upinde nusura umponyoke.

"Dada, utaolewa na mtu asiyeota jua? Mtakula nini pamoja?"

"Anachokula."

Kiplimo alimjua dada yake. Akavuta upinde.

Jua lilipokuwa likizama walimfikishia Waithaka kibuyu cha damu iliyochanganywa na maziwa. Akakitazama, akaona aibu kunywa mbele yao. Jepkemei, ambaye tangu utotoni alikuwa akiziba pua na kukikimbia kibuyu kama hicho, akapiga mafunda mawili makubwa, akafuta midomo.

"Hiki ni chakula cha kwetu," akamwambia. "Kunywa, mume wangu."

Akanywa. Uhai ukamrudia usoni polepole, kama pambazuko.

Huu ni mwaka wa tatu. Jepkemei aliuza bucha akanunua fahali wanne, wenzake wa kanisani wakamtenga, na adhuhuri hukaa barazani peke yake. Lakini alfajiri mvuke unapotanda, wawili hao hutembea wameshikana mikono, fahali wao wakiwafuata taratibu kama watu waliomo ndotoni, na kicheko cha Jepkemei husikika hadi bomani kwa kaka yake.

Watu wa Kikopey hawaachi kumsuta Kiplimo. Wanaume wote wa Bonde la Ufa, humwuliza, dada yako hakumwona mwingine ila yule?

Kiplimo huwajibu bila hata kugeuka: "Kipenda roho hula nyama mbichi."