Kwa Nini Mbegu ya Maharage Haichaguliwi Rangi

Wewe hapo mwenye ungo, acha kuchagua nyeupe. Menya, changanya, usikilize ilikuwaje.

Zamani sana watu wa milima hii walikuwa na maharage ya kutambaa ya kila rangi: meupe, mekundu, meusi, na yale yenye madoadoa kama yai la kwale. Waliyapanda yakiwa yamechanganyika, si kwa hekima, bali kwa uvivu wa kuchagua. Hakuna aliyejua kwamba uvivu ule ndio uliokuwa ukiwalisha.

Ndipo akaolewa Naetwe. Huyu hakuwa mvivu hata kidogo. Alifagia uwanja wake mpaka kuku wakaona haya kuukanyaga. Aliona kwamba maharage meupe huiva upesi na mchuzi wake hupendeza, basi kila mavuno akakaa na ungo, nyeupe akaziweka mbegu, nyingine zote akazitia chunguni.

"Mwanangu," mama mkwe wake, Bi Nakijwa, alimwuliza, "mbona unazimaliza hizo nyeusi?"

"Mama, zinachafua chungu."

"Chungu si husuguliwa?"

Naetwe alicheka tu. Majirani walipoonja maharage yake wakaomba mbegu, naye hakuwa mchoyo. Haikupita misimu mingi, mlima mzima ukawa na mbegu nyeupe tupu. Bi Nakijwa hakutaka ugomvi na mkwe. Aliokota zilizodondoka kizingitini, nyekundu hapa, nyeusi pale, akazitia katika kibuyu kidogo, akaziba tundu kwa nta, akampa mjukuu wake Mbonea, mtoto wa Naetwe, awe anakitikisa. Wala hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu mtoto anyamaze.

Mwaka mmoja ukungu ulishuka na haukuondoka. Majani ya maharage yakaota kutu, maua yakapukutika, maganda yakaozea juu ya fito. Yalioza ya Naetwe na ya kila mtu, maana yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja, na ugonjwa uliompata mmoja uliwajua wote. Watu wakapanda akiba yao, nayo ikaoza. Naetwe akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna aliyebakiza nyekundu au nyeusi. Kila mlango alijibiwa, "Si wewe uliyetufundisha kuchagua?" Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mbonea alishinda akilia kwa njaa, na kila akilia alitikisa kibuyu chake. Asubuhi moja, Naetwe akichuma mnavu nyuma ya nyumba, aliusikia mlio ule kana kwamba hajawahi kuusikia. Haukuwa mlio mmoja. Ndani ya kibuyu mlikuwa na punje nzito na nyepesi, kubwa na ndogo. Akakimbia, akakichukua kile kibuyu, akakipasua kwa jiwe. Zilimwagika mbegu za kila rangi, konzi moja tu.

Bi Nakijwa akateleka chungu. "Zipike, mwanangu. Mtoto huyu anatutoka."

"Mama, tukizipika atakula leo tu."

"Na usipozipika atakula lini?"

Naetwe alizifunga mbegu katika pindo la nguo, akaenda kuzipanda huku mtoto akimlilia mgongoni. Tangu hapo hakuijua raha. Kila alfajiri alitega sikio kwanza kwenye kifua cha mtoto, kisha akaenda kutazama fito. Nyeupe zikafa. Za madoadoa na nyekundu zikadumaa, zikaacha maganda mawili matatu. Nyeusi, zile za kuchafua chungu, zikapanda mpaka ncha ya fito. Siku zote hizo Bi Nakijwa alisema ameshiba, na mnavu wake akampa mjukuu. Maganda ya kwanza yalipojaa, bibi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mbonea aliishi. Msimu uliofuata likaja jua kali, nyeusi zikanyauka, nyekundu ndizo zikazaa. Majirani, aliowagawia mbegu zile, walishangilia, lakini Naetwe aliogopa zaidi kuliko mwanzo, maana sasa alijua kwamba hajui ipi itahitajika kesho. Hakuthubutu kuchagua tena. Alimtengenezea Mbonea kibuyu kingine, akakijaza kila rangi iliyobaki.

Na tangu siku hiyo, katika milima hii mbegu ya maharage haichaguliwi rangi, na kila mtoto azaliwaye hupewa kibuyu cha mbegu mchanganyiko, cha kupasuliwa siku ya shida. Ukipita nyumba yenye mtoto mchanga utaona: mtoto ameshiba, amelala kitambo, na mama bado anakitikisa kibuyu, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama zote zimo.