Dakta Sikudhani Alipotoa Kiti Chake

"Mpe mpinzani kiti, kisha mshinde." Mmemsikia baba yenu akiwaambia hivyo mlipokuwa mkizomeana juu ya vyama, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Chanzo chake nakijua, wajukuu zangu, maana nilikuwapo.

Nilikuwa nasoma uchumi chuo kikuu. Walimu wetu wote waliamini jambo moja, kwamba mazao ya mkulima yanunuliwe na serikali peke yake. Walikuwa watu wema, na sababu zao zilikuwa nzito. Walikuwa wamewaona walanguzi wakiwanyonya wazazi wao. Lakini kwa kuwa wote waliegemea upande mmoja, sisi wanafunzi tulijifunza upesi kuandika yaliyowafurahisha, hata tusipoyaamini.

Mbaruku Shekalaghe hakuweza. Kijijini kwao milimani, mahindi yalikuwa yameozea ghalani yakingoja gari la ununuzi. Akaandika insha kwamba mkulima aachiwe auze anakotaka. Mwalimu wake, Bwana Kihampa, akampa sifuri. Kwa sifuri ile Mbaruku angefukuzwa chuo, kwa hiyo akakata rufaa.

Tuliposikia kikao cha rufaa kitaongozwa na Dakta Sikudhani Mtengeti, tulikata tamaa. Hakuna aliyeutetea ununuzi wa serikali kama mama yule. Vitabu vyake ndivyo tulivyosomeshwa. Mimi niliingia kama mwakilishi wa wanafunzi. Walimu walikaa kuizunguka meza, Mbaruku akaachwa amesimama karibu na mlango.

"Kijana huyu mbona hana kiti?" Dakta aliuliza.

"Amekuja kujibu mashtaka," alisema Bwana Kihampa. "Si mwenzetu."

Dakta akainuka, akasukuma kiti chake hadi kwa Mbaruku. "Kaa, mwanangu." Yeye akabaki amesimama mpaka mwisho.

"Insha hii nimeisoma," alisema. "Hitimisho lake silikubali. Lakini ushahidi umo. Bwana Kihampa, amekosea wapi?"

"Dakta, wewe mwenyewe unajua mawazo haya ni ya hatari."

"Sikuuliza kama ni ya hatari. Nimeuliza amekosea wapi."

Bwana Kihampa akafunua kurasa za insha, kisha akaifunga.

"Tukimfelisha kwa kuwa hatupendi asemayo," Dakta akaendelea, "tutajuaje kama tuko sahihi, au tumezoea tu kukubaliana?"

Insha ikasahihishwa upya, Mbaruku akafaulu. Kisha Dakta akamwalika wajadiliane mbele ya chuo kizima. Siku hiyo ukumbi ulimzomea Mbaruku hata maneno yake yasisikike. Dakta akanyanyua mkono, watu wakanyamaza. Ndipo akazieleza hoja za Mbaruku yeye mwenyewe, vizuri kuliko nilivyowahi kuzisikia, akamgeukia.

"Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo hasa, Mwalimu."

"Haya. Sasa nakujibu."

Akamjibu hoja kwa hoja. Mbaruku alikuwa amepata nguvu, naye akambana. Kuhusu mahindi yaliyooza, Dakta alikiri hadharani kwamba hana jibu. Mengine alimshinda, na wengi wetu tulitoka tukiwa bado upande wake, ila safari hii tulijua kwa nini. Tangu jioni ile, mtu akimkatiza mwenzake bwenini, tulimwambia ampe kiti kwanza, kisha ndipo amshinde.

Ukuu wa idara, ambao kila mtu alijua ungekuwa wa Dakta, alipewa Bwana Kihampa. Wenzake walinung'unika kwamba amempa adui jukwaa. Hakulalamika. Aliendelea kufundisha, na darasa lake likajaa wanafunzi wa kila msimamo, wengine wakisikiliza madirishani. Mbaruku naye akawa mhadhiri. Hakuna kati yao aliyebadili msimamo, na walipendana mpaka mama yule alipofariki.

Mazikoni, Mbaruku ndiye aliyeombwa na familia aseme. Alisimama, akafuta machozi.

"Alinishinda mara nyingi," alisema, "wala hakuwahi kunidhalilisha."

Basi rudini mkamalize ubishi wenu, wanangu. Mpe mpinzani kiti, kisha mshinde.