Kilichomshusha Mjomba Senzighe

"Njia ya mlima haina abiria."

Mmeisikia leo asubuhi, vijana, mkatazamana, na mmoja wenu akauliza mbona mabasi yanapanda milima kila siku yamejaa watu. Swali zuri. Ila methali hii haikuzaliwa kwenye barabara ya mabasi. Ilizaliwa kwenye njia ya miguu, huku huku Upareni, na waliokuwepo siku ile husimulia wakicheka, halafu humshukuru Mungu. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na binti wa Vunzeri aitwaye Nakiete, bibi shamba wa kata. Kazi yake ilikuwa kuzungukia mashamba ya tangawizi na maharage, yale yaliyong'ang'ania miteremko mpaka mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje. Kwa kazi hiyo alipewa pikipiki nyepesi ya milimani, yenye tumbo la juu, madigadi yaliyoinuka na matairi ya meno. Mwanzoni wazee walinung'unika kwamba mtoto wa kike hapandi chombo kama kile. Msimu mmoja ulipopita wakawa wanamwagiza mbegu na dawa ya panya, na manung'uniko yakaisha yenyewe.

Nakiete alipendana na Anaeli, fundi seremala wa kijiji cha bondeni. Nyumba zote mbili ziliridhia. Kilichobaki kilikuwa mahari, na katika ukoo wa kina Nakiete mahari haikupokelewa mpaka mjomba afike na kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, atamke baraka. Kibuyu kile mjomba alikibeba mwenyewe kutoka kwake, nacho hakikutakiwa kugusa ardhi mpaka kifike mlangoni kwa dada yake. Na mjomba wa Nakiete alikuwa mmoja tu: Senzighe.

Tusimseme vibaya mtu huyu. Baba yake Nakiete alipofariki, Senzighe ndiye aliyepanda mlima kwa miguu kila mavuno, gunia la mahindi begani, mpaka watoto wa dada yake wakasimama wenyewe. Nakiete hakulisahau hilo. Lakini miaka ilikwenda, Senzighe akapata mashine ya kusaga huko chini tambarare, akapata kitambi, akapata heshima, na heshima ikamkaa kama kiatu kipya, akawa hatembei vizuri.

Kina Anaeli walipoleta mahari mara ya kwanza, Senzighe hakutokea. Alisema, "Mjomba haalikwi kwa simu kama fundi wa bomba." Mara ya pili alipelekewa gari. Likakwama kijitoni, wakamwomba amalizie kwa miguu, akajibu kwamba hakualikwa kutembea, akarudi kwake. Mara zote mbili wageni walikula, wakashukuru, wakashuka na mbuzi wao. Mzee Kibacha, baba yake Anaeli, alikuwa mtu mpole, ila neno lake likitoka halirudi. Alisema, "Tutapanda mara ya tatu. Tukishuka tena na mbuzi hawa, mwanangu atafute kwingine."

Basi mara ya tatu wageni walifika jioni, wakalala kwa jirani. Usiku ikanyesha mvua ya kuangusha ndizi. Kulipokucha, habari zikaja kwamba udongo umeporomoka, barabara ya gari imefunikwa. Ilibaki njia ya Mbega. Waliiita hivyo kwa sababu waliamini mbega ndiye aliyeipasua, maana mtu mwenye akili asingeipitisha pale: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na katikati upana wa mtu na kikapu chake.

Wanaume wa bodaboda waliitazama njia ile wakakumbuka kila mmoja ana shughuli. Nakiete alikuwa amekaa jikoni, nywele zimesukwa, miguu imepakwa mafuta. Akainuka, akavaa suruali ya kazini na mabuti.

"Unakwenda wapi?" shangazi yake akapiga kelele. "Mwenye siku yake hashiki klachi!"

"Shangazi, mjomba akikosekana leo, nywele hizi nimesukwa kwa ajili ya nani?"

Shangazi akamfungia kitambaa kichwani kuzikinga na tope.

Akapunguza upepo matairini ili meno yashike, akashuka njia ya Mbega kwa gia ya kwanza, injini ikimzuia kuliko breki. Alishuka akimwomba Mungu na akimkasirikia mjomba wake, vyote kwa pamoja. Alimkuta barazani kwake, koti jeusi, kofia, viatu vinang'aa, kibuyu mapajani. Safari hii alikuwa amealikwa kwa heshima zote na alikuwa tayari. Alichokuwa hajakitarajia ni pikipiki.

"Gari liko wapi?"

"Shikamoo, mjomba. Barabara imezikwa. Panda, tafadhali. Wageni wameapa kusubiri mpaka jua la utosi, basi."

Senzighe akaitazama siti nyembamba, akaguna, akapanda. Nakiete akamwomba amshike kiunoni.

"Mimi nikushike kiuno? Siku ya mahari yako? Watu waseme nini?"

"Basi inama mbele, mjomba. Na nikilala kushoto, nawe lala kushoto."

"Mwanangu, mimi ni abiria," akasema Senzighe, na akakaa wima kama mzee wa kanisa kwenye benchi la mbele, mkono mmoja umekumbatia kibuyu, mwingine umeshika keria nyuma yake. "Kazi ni ya dereva."

Chini kule, ambako njia ilikuwa na huruma, mambo yalikwenda. Kisha mlima ukaanza kusimama. Mnaopanda vyombo hivi mnajua: mwinuko mkali hutaka uzito wote uende mbele, na hutaka usisite, maana ukisita katikati umekwisha. Nakiete alisimama kwenye vikanyagio, kifua juu ya usukani, macho mahali anapotaka kwenda, siyo korongoni. Nyuma yake mjomba alivutwa na uzito wake kurudi nyuma. Njia ilipokata kushoto, ukingoni, alitazama chini, akaogopa, akajivuta kulia. Pikipiki ikawa haijui imtii nani.

Walipofika penye mizizi, gurudumu la mbele likainuka kama beberu anayetaka kupiga pembe. Injini ikazima. Pikipiki ikateleza kurudi nyuma, tairi la nyuma likaenda, likaenda, likakwama kwenye jiwe, hatua moja kutoka ukingoni. Nakiete alikuwa ameikaza breki na kuchomeka buti kwenye tope mpaka kifundo. Akageuka polepole. Mjomba alikuwa bado amekaa, macho yametoka, kibuyu kimeinuliwa juu, salama.

"Mjomba, shuka."

"Nishukie wapi? Pote tope."

Hapo ndipo Nakiete alipotamani kupiga kelele. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi na yalikuwa ya kweli, tangu mambo ya simu mpaka ya gari. Lakini alipofungua kinywa, sauti iliyotoka ilikuwa ndogo.

"Mjomba, uwezo wangu umeishia hapa. Nimejaribu kukubeba, nimeshindwa. Siku zile wewe ulitubeba ukaweza. Mimi siwezi."

Senzighe aliitazama mikono ya mtoto wa dada yake juu ya klachi na breki, na damu kidogo penye kiganja. Akatazama njia juu. Kisha akashuka. Viatu vilivyong'aa vikazama, kimoja kikabaki humo humo, naye hakukifuata. Akavua na cha pili.

"Geuka," akasema. Akavua koti, akakiweka kibuyu mgongoni kwa Nakiete, akakifunga kwa mikono ya koti kama mama anavyofungiwa mtoto, akakaza fundo kifuani.

"Mjomba, si lazima kiwe mikononi mwako?"

"Wewe ni damu yangu. Mgongo wako ni mkono wangu. Piga kiki."

Nakiete akapiga kiki. Mzee akaweka mabega nyuma ya keria, miguu mitupu ikatafuta mawe. Akapumua mara moja kwa nguvu, pumzi ya mtu aliyewahi kupanda na gunia, na pikipiki ikatoka.

Wakaenda hivyo. Penye afadhali Nakiete alitangulia kidogo, akasubiri. Penye kuchongoka mjomba alisukuma, tope likimrukia usoni. Kofia ilikwenda korongoni, akasema iache. Nakiete alisikia pumzi zake nyuma na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Hasira aliyoshuka nayo hakuiona tena. Alichokuwa nacho ni shukrani, na hofu kwamba wamechelewa.

Na kweli walikuwa wamechelewa. Karibu na juu, penye kona nyembamba kuliko zote, walitokea mbuzi watatu wamefungwa kamba moja, na nyuma ya mbuzi, Mzee Kibacha na watu wake, mablanketi ya mahari vichwani. Jua lilikuwa limekwisha kupita utosini. Mwisho kabisa wa msafara alikuwa Anaeli, anatembea kama mtu anayesindikiza jeneza.

Mzee Kibacha alimwona mwanamke ana mzigo mgongoni, tope mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake mtu pekupeku anasukuma. Hakumtambua yeyote.

"Tupisheni," akasema.

"Hakuna pa kupishia, baba," akasema Nakiete.

"Basi huyo kibarua wako airudishe pikipiki nyuma."

Senzighe akainua uso kutoka kwenye keria. "Hairudi nyuma, mwenzangu. Na mimi si kibarua. Naitwa Senzighe. Huyu ni mtoto wa dada yangu, na hicho kibuyu mgongoni kwake ndicho mlichokingojea."

Mbuzi peke yao ndio waliosema. Anaeli akaita, "Nakiete!" lakini hakuweza kupita.

Mzee Kibacha akamtazama Senzighe kuanzia kichwa kisicho na kofia mpaka vidole vya miguu. "Tuliambiwa mjomba wa binti huyu ni mtu wa kubebwa," akasema taratibu. "Gari lilipokwama ulikataa kutembea. Leo umepewa siti, na ninakukuta chini, unasukuma. Imekuwaje? Si wewe ndiye abiria?"

"Nilipanda nikiwa abiria," akasema Senzighe. Alihema, akasubiri pumzi irudi. "Nikakaa sawasawa, nikashika kibuyu changu. Kidogo nimuue mtoto. Mwenzangu, njia ya mlima haina abiria. Nimelijua hilo leo, nikiwa na mvi. Nyinyi nimewarudisha mara mbili kwa kiburi, na mara ya tatu hii hapa. Nisameheni. Msimwadhibu yeye kwa ajili yangu."

Mzee Kibacha alikuwa amesema neno lake, na kila mtu pale alilijua. Kisha akainama, akawafungua mbuzi kamba yao, akawapa vijana wawashike pembe. Ile kamba akaifunga kwenye fremu ya pikipiki, chini ya usukani, mwenyewe, kwa mikono yake.

"Nilisema tukishuka na mbuzi hawa," akasema. "Hatujafika chini bado. Geukeni! Anaeli, unangoja barua ya mwaliko? Shika kamba!"

Basi msafara mzima ukageuka kwenye njia ile ya Mbega, mbuzi wakapenyezwa mbele. Wengine walivuta, mjomba alisukuma, Nakiete alishika usukani, na mzee wa watu, aliyekuwa akishuka kuvunja posa, alivuta kamba kwa nguvu kuliko vijana wake. Walipotokea juu, wanawake wa Vunzeri walidhani kuna mgonjwa analetwa. Walipotambua ni nani, vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kibuyu kiliteremshwa mlangoni kwa dada yake Senzighe. Watu walijiandaa kwa hotuba, maana mjomba yule akishika neno, chakula hupoa. Siku ile alisimama pekupeku, shati limegandamana na tope, akawaunganisha mikono Nakiete na Anaeli, akasema, "Mlima mnaouanza leo ni huo huo. Asiwepo wa kukaa tu." Akakaa chini. Wengine walimngojea aendelee.

Nakiete alimpigia magoti. "Asante, mjomba, kwa kushuka."

"Asante wewe, mama," akajibu Senzighe, "kwa kutonitukana."

Maneno aliyoyasema kwenye ile kona yalishuka na wageni, yakafika sokoni, yakaingia kwenye vikao na kwenye kazi za kijiji. Leo hata mtu asiyejua Vunzeri iko wapi huyatumia, kama mlivyoyasikia.

Lakini mwenyewe Nakiete, alipoulizwa ni lini aliielewa methali hii, hakutaja siku ya mahari. Alitaja siku moja baada ya harusi. Alikuwa akipanda na Anaeli kwenda kumjulia hali mama yake, barabara bado haijafunguliwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na mbele yao mlima ukaanza kusimama. Alikuwa amejiandaa kugeuka na kumwomba ashuke. Kabla hajageuka, alihisi pikipiki imekuwa nyepesi, kisha akahisi mikono miwili nyuma, inasukuma. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Nakiete akaingiza gia, akamshukuru Mungu kwa mume huyo, wakapanda.

Njia ya mlima haina abiria.